Burashi za Mume Wangu, Rangi ya Baba Yangu

Maman Mukandori,

Kila Jumamosi ninakusikiliza redioni nikiwa dirishani pangu pa kupokelea wateja, na mara nyingi nimecheka shida za wenzangu nikijiambia mimi sina la kuandika, leo nimekosa pa kukaa na pa kusimama nikasema basi nitaandika, na majina nimeyaacha kama yalivyo kwa sababu Kamembe ni mji mdogo, hata ukiyabadilisha watu watajua ni sisi, kwa hiyo wewe soma tu. Mimi ni Nasiba. Baba yangu ni Mudathiru, fundi wa rangi za magari, gereji yake iko kwenye mteremko wa kwenda ziwani na amepaka magari tangu kabla sijazaliwa. Bwana yangu ni Byiringiro, alikulia Bukavu, familia yake iliporudi Rwanda akapata kazi ya kuendesha lori la saruji kule Muganza, tulijuana siku alipolileta kwa Baba lipakwe mlango. Aliposilimu ili anioe watu walinong'ona sana, wakasema huyu anafuata muke, hafuati dini, na ni Baba aliyesimama mbele ya ndugu zake akasema moyo wa mtu anaujua Mungu, nyinyi mnajua viatu vyake tu, na nikaha ikafungwa sebuleni kwetu. Ninakwambia haya ili ujue kwamba hawa wanaume wawili walipendana, walikuwa wakila sahani moja, Byiringiro hakuwa anamwita mkwe, alikuwa anamwita Papa.

Byiringiro aliacha lori, akashirikiana na binamu yake wakaleta mashine ya kuoshea magari, ile ambayo gari linaingia kama linaingia chumbani, burashi mbili kubwa zinazunguka ubavuni na nyingine inashuka kutoka juu, maji na povu vinatoka vyenyewe na dereva amekaa ndani amefunga vioo. Siku za mwanzo watu walikuja kutazama tu, bamaman wanatoka sokoni wanasimama na vikapu vyao, na dereva mmoja wa lori aliomba tumpitishe ndani kwa miguu aone inavyofanya. Fundi aliyekuja kuifunga alituonya mapema. Alisema hapa kwenu kuna vumbi la saruji, gari likitoka Muganza au Bugarama msilipeleke kwenye burashi likiwa hivyo hivyo, kwanza mlipige maji ya nguvu kutoka mbali, bila kuligusa, mpaka vumbi lote lishuke, na burashi zenyewe mzioshe mara kwa mara. Tulimtii, na kwa kweli magari yalitoka mazuri, mimi mwenyewe nilijivuna.

Kisha kiangazi kikaingia, foleni ikawa ndefu, maji yakawa ya kukatika, na Byiringiro akaanza kuona kumwagia gari maji kabla ya kuliosha ni kuliosha mara mbili.

"Mashini iko na maji yake ndani," aliniambia. "Juu ya nini tuoshe mara mbili? Bantu banangoja."

Nikarudi dirishani pangu, maana foleni niliiona mimi pia. Lakini asubuhi moja kabla hatujafungua nilipita karibu na zile burashi nikazishika, nyuzi zake zilikuwa za kijivu na zimekakamaa kama kitambaa kilichokaukia kwenye matope, nikizisugua vidole vinatoka na chembechembe kama mchanga. Nikamwita Byiringiro nikamwonyesha mkono wangu. Akasema atazisafisha Ijumaa, na Ijumaa ilipofika kulikuwa na wateja.

Sasa nikueleze habari ya Papa Gasana. Huyu ana gari jeusi, refu, watu wanalikodi kubebea maharusi, mabibi arusi wengi wa hapa mpaka Nyakabuye wamelipanda. Safari hii aliyekuwa anaolewa ni binti yake mwenyewe, Uwase, kwa hiyo alilipeleka kwa Baba lipakwe upya lote, na Baba alilifanyia kazi hiyo kama analipaka la kwake, lilipotoka ungeweza kufunga kilemba ukijitazama kwenye mlango wake. Gasana akalichukua likiwa bado linanukia rangi, akaenda nalo Bugarama kupanga mambo na wakwe, huko likala vumbi la malori, na arusi ilipokaribia akalileta kwetu.

Alisimama dirishani pangu. "Maman Nasiba, hii mashini haitaharibu rangi? Iko mupya. Ni papa yako alipaka."

Byiringiro alikuwa nyuma yangu, na nyuma ya Gasana kulikuwa na magari mpaka barabarani. Nikasema, "Hakuna shida, Papa." Gari likaingia na vumbi lake lote, halikumwagiwa hata tone kwanza.

Siku ya arusi walipotoka kanisani jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwepo, tulialikwa. Mpiga picha aliwapanga maharusi kando ya gari, na jua lilipopiga kwenye boneti kila mtu akaona, mikwaruzo myembamba ya mviringo, mingi isiyohesabika, imetapakaa gari zima kama utando wa buibui. Mjomba wa bwana arusi akauliza kwa sauti, "Hii gari mulibebea nayo muchanga?" Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Uwase hakulia, alisogea tu mbali na gari, akasema picha zipigwe kwenye ukuta wa kanisa, na Papa Gasana akabaki amesimama peke yake karibu na gari lake, na funguo mkononi. Sijasahau uso wake.

Baada ya arusi alikwenda gerejini kwa Baba, akasema mbele ya wateja, "Muzee, ulinipakia verni ya maji." Verni ni ile ngozi ya juu inayong'aa, bila shaka unajua, na kwa fundi wa rangi hakuna tusi linalopita hilo. Baba akainama, akatazama, akapitisha kiganja. "Hii si verni," akasema, "hii ni burashi." Wakapanda wote wawili mpaka kwetu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu Byiringiro aliona wateja wanasikiliza, akaogopa, na mtu akiogopa husema chochote. Alisema mashine yake haijakwaruza gari la mtu, alisema rangi ya Mzee ni laini kwa sababu Mzee anaichanganya na benzini.

Baba alimtazama kama anamtafuta mtu mwingine ndani yake, kisha akateremka kurudi gerejini kwa miguu. Tangu siku hiyo hajaingia kwangu, na watu waliokuwa wamempa magari wamekuja kuyachukua hayajakwisha, wengine bila hata kumtazama.

Gasana amepeleka shauri kwa abunzi, wale wapatanishi wa mtaa, na anayeshitakiwa ni Baba. Wameniita niwe shahidi, maana mimi ndiye niliyelipokea gari. Bwana yangu amenifundisha la kusema.

"Utasema gari ilifika na mikwaruzo," ananiambia. "Utasema tuliimwangia maji mbele ya burashi."

"Na Papa je?"

"Papa iko na gereji, iko na jina. Siye tuko na hii mashini tu. Wakiifunga, batoto batakula nini?"

Nikasema niende kwa Baba, labda kwake nitapata neno la kunituliza. Nilimkuta anapiga msasa mlango wa pikapu. Hakuacha kazi, aliniambia tu, "Utasema ile mashini inaharibu magari ya bantu, bayifunge." Nikamuuliza, "Papa, ulimwambia Gasana asipitishe rangi mupya kwenye mashini?" Msasa ukasimama. Halafu akasema, "Nilisahau. Ye alikuwa na haraka, na miye nilikuwa naenda kusali. Lakini hiyo usiseme, Nasiba. Bakisikia hiyo, nimekwisha."

Kwa hiyo mmoja ananiambia nifiche lake na mwingine ananiambia nifiche lake, na katikati niko mimi niliyesema hakuna shida. Nyumbani watoto wanauliza kwa nini babu haji, ninawaambia ana kazi nyingi. Naomba uniambie kwanza jambo moja, kwa sababu hata mimi ninayekaa pale kila siku sasa sijui: hizi mashine ni salama kwa rangi ya gari au hapana? Na la pili, nikisimama mbele ya abunzi niseme nini? Siulizi nichague nani. Baba simwachi na bwana yangu simwachi, hilo nimeshaamua na halibadiliki. Nataka unionyeshe njia ya kupita bila kusema uongo, au kama haipo uniambie haipo, nijue.

Nasiba, Kamembe

*

Nasiba mwanangu,

Njia ipo. Ni mbaya, ina mawe, lakini ipo, na nadhani uliiona kabla hujashika kalamu.

Nikupe pole kwanza. Kuwaona watu wawili unaowapenda wakivunjana, kila mmoja akikuvuta mkono wake, si jambo dogo. Na umefanya vizuri kukataa kuchagua. Wengi wanaoniandikia wanataka niwachagulie, halafu mambo yakiharibika waseme ni kosa la Mukandori.

Pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Ulishika zile burashi. Ulijua. Baba wa bibi arusi akakuuliza swali la wazi, nawe ukamjibu hakuna shida. Usiniambie Byiringiro alikuwa nyuma yako. Alikuwa nyuma yako, hakuwa mdomoni mwako. Ninakusema si kwa kukuchukia. Nataka siku ya abunzi uanze na lako kabla hujagusa la mtu mwingine. Shahidi anayejitaja mwenyewe kwanza, watu humsikiliza mpaka mwisho.

Umeuliza kama mashine ni salama. Mimi sijui rangi, najua watu, kwa hiyo nilimpigia simu fundi wa rangi Mulume wa Bukavu, ambaye hafahamiani na baba yako wala mume wako na hana faida upande wowote. Nilimsomea habari yako bila majina. Akacheka, akasema kila mji unaopata mashine hizo unapata na ugomvi huo. Alichonieleza ni hiki. Mashine ya burashi haina dhambi na haina huruma, inasugua kilichopo mbele yake. Ikikuta gari limemwagiwa maji vizuri, na burashi zake ni laini na safi, itaosha, na itaacha alama ndogo ambazo mwenye gari jeupe hatazijua maisha yake yote. Ikikuta saruji, inapiga msasa. Saruji ni jiwe lililosagwa, Nasiba, na ikilowa bila kusukumwa na maji mengi inashika, na burashi inaibeba kutoka gari hili mpaka lile. Gari jeusi linaonyesha kila kitu. Na rangi mpya, hata iwe ya fundi bora kuliko wote, inakuwa kavu juu wakati ndani bado laini. Aliniambia haipaswi kukutana na burashi yoyote kabla ya mwezi kupita, iwe ya mashine, iwe ya mkono. Maji tu, na kitambaa laini.

Nilimuuliza pia kama basi ni heri kuosha kwa mkono. Akasema inategemea mkono. Mtu mwenye ndoo moja ya maji machafu na kitambaa kilichoanguka chini anakwaruza sawasawa na mashine, tofauti yake anakwaruza polepole.

Kwa hiyo hapa hakuna mwongo mmoja na mkweli mmoja. Gari la Gasana liliharibiwa na vumbi ambalo mume wako hakuliondoa, juu ya rangi ambayo baba yako hakuitolea onyo, baada ya wewe kufungua lango. Ukitoa kimoja katika hivyo vitatu, unachobaki kusema ni uongo, hata kama kila neno lake ni kweli.

Mume wako. Mwambie nimesema hivi. Umaskini unatisha, najua, na mtu aliyeendesha lori miaka yote ili apate kitu chake ana haki ya kukiogopea. Lakini kumwambia mzee kwamba anachanganya rangi na benzini, mzee aliyemsimamia siku ndugu zenu walipomkataa, hiyo haikuwa hofu tena. Hapo alichukua jina la mtu akalifanya ngao. Na anadhani uongo wako utaiokoa mashine. Hautaiokoa. Njia ya mwongo ni fupi, na njia za Kamembe ni fupi zaidi. Gari lingine litatoka na mikwaruzo wiki ijayo, na safari hiyo hakutakuwa na mkwe wa kusingizia.

Baba yako. Yeye namheshimu, lakini mzee anayetaka binti yake aseme nusu ya kweli amesahau alivyomlea. Kusahau kumwonya mteja ni kosa la mtu mwenye haraka. Watu wanalisamehe. Kulificha huku ukiomba mashine ya wenzako ifungwe, hilo hawalisamehe.

Sasa la kufanya.

Usingoje siku ya abunzi. Kabla ya hapo wakutanishe, mchana, watoto wakiwa shule. Baba yako hatakuja kwako, kwa hiyo mpeleke mume wako gerejini. Wakiwa wote wawili mbele yako, uwaambie neno kwa neno kile utakachosema kwa abunzi: lako, la Byiringiro, la Baba. Huombi ruhusa. Unawaarifu, ili asiwepo wa kusema ulimvizia. Halafu unyamaze. Wakifoka, waache wafoke, hasira ya kuambiwa kweli inapita. Lakini mume wako akiinua mkono, hapo sina ushauri wa subira: toka na watoto, nenda kwa baba yako, nipigie simu redioni saa hiyo hiyo.

Dirisha ni lako. Kuanzia kesho usipokee gari lenye vumbi ambalo halijapigwa maji kwanza, na burashi zisizunguke mpaka zioshwe na wewe uzishike kwa mkono wako kama ulivyozishika asubuhi ile. Muulize kila mwenye gari kama rangi yake ni mpya. Akisema ndiyo, mrudishe. Mume wako akikuuliza nani amekupa amri, mwambie ni yule fundi aliyeifunga mashine, naye alisema mbele yenu wote wawili.

Gari la Gasana linatengenezeka, labda. Mulume anasema pitisheni ukucha juu ya mkwaruzo: ukiteleza bila kukwama, jeraha liko kwenye verni tu, na fundi mwenye subira atalitoa kwa polishi rangi ikishakauka vizuri. Ukikwama, ni kupaka upya sehemu hiyo. Kazi hiyo waifanye baba yako na mume wako pamoja, si mmoja wao. Lakini picha za arusi hazipigwi polishi. Kwa hizo mtakwenda kwa Uwase, nyote watatu, mmwombe radhi mkimtazama usoni, na akikataa mtarudi nyumbani bila kumlaumu.

Umesema humwachi baba na humwachi mume. Vizuri. Basi usimwache yeyote kati yao ndani ya uongo.

Mukandori

*

Wasikilizaji, mwandishi huyu ameniandikia tena. Nitasoma yote, siongezi langu.

Maman Mukandori,

Nilifanya. Byiringiro hakutaka kwenda gerejini, alisema hana la kuzungumza na Mzee, kwa hiyo nilifunga dirisha, nikazima mashine wateja wakiwa wanatazama, nikaanza kuteremka peke yangu, na nilipofika nusu ya njia nikasikia hatua zake nyuma yangu. Baba alituona akataka kuingia ndani, nikamwomba abaki. Nikawaambia yote. Baba alichukua kopo tupu la rangi akalitupa ukutani. Byiringiro aliniambia, "Umetuuza," akaondoka, na tangu usiku huo akawa analala kwa binamu yake kule Nyakabuye. Hakuinua mkono. Lakini hakupokea simu pia, mpaka siku ya abunzi.

Nilikwenda na Baba. Tulikaa barazani, Papa Gasana upande wake, sisi upande wetu, na nilipoitwa nilianza na langu kama ulivyosema. Nikasema Papa Gasana aliniuliza na mimi nilimdanganya. Nikasema gari liliingia na vumbi. Nikasema burashi zilikuwa na saruji na nilijua. Halafu nikasema na la Baba, nikiwa nimetazama chini, kwamba rangi ilikuwa mpya na mwenye gari hakuonywa.

Mwenyekiti akamgeukia Baba akamuuliza kama ni kweli. Baba alisimama taratibu. Nilidhani atanikana. Akasema, "Mutoto hajadanganya. Nilikuwa na haraka. Sikumwambia." Akakaa, akaweka mkono wake juu ya wangu.

Kisha wakauliza mwenye mashine yuko wapi, nami nikasema yuko Nyakabuye. Tulikuwa tunakaribia kumaliza Byiringiro alipotokea, suruali imejaa vumbi la njia, akaomba kusema. Alisema burashi zilikuwa na saruji na muke wake alimwonyesha. Alisema foleni ilimtia tamaa. Akamgeukia Baba mbele ya wote.

"Papa, hauchanganyi rangi na benzini. Hakuna muntu mu Kamembe hajui hiyo. Nilisema juu ya woga."

Baba akasema, "Nilijua ni woga." Byiringiro akajifuta uso na mkono wa shati.

Abunzi waliamua wote wawili walitengeneze gari pamoja, na Papa Gasana akakubali, ingawa alisema wazi kwamba kutengenezewa gari na kusamehe ni vitu viwili. Mpaka leo ananisalimia akiwa mbali. Siwezi kumlazimisha. Uwase ndiye aliyetupokea, akatuketisha, akasikiliza, akasema picha za ukutani zimetoka nzuri na mume wake ndizo anazozipenda, sijui kama alisema kweli au alituhurumia, tukamshukuru.

Rangi ilipokauka walilipiga polishi gari lile chini ya paa letu, mashine imezimwa. Ukucha haukukwama isipokuwa sehemu moja karibu na mlango wa nyuma, pale Baba alipaka upya. Alimfundisha Byiringiro kushika kitambaa, akamwambia asikandamize, na Byiringiro akakandamiza, na Baba akamwambia tena. Walikaa hivyo mchana kutwa. Jioni Baba aliosha mikono akasema ana njaa, akapanda nasi nyumbani, watoto wakamrukia.

Wateja wamepungua, sikufichi. Kumwagia maji kwanza kunachelewesha, na wengine wamekwenda kwa vijana wa ndoo. Binamu yake Byiringiro ananung'unika. Jana alikuja bwana mmoja na gari la fahari, jipya kabisa kwa macho, nikamuuliza kama rangi ni mpya, akasema imetoka kupakwa juzi. Nikamwambia arudi mwezi ukipita. Alikasirika, akamwita Byiringiro aje anitoe hapo dirishani. Byiringiro alikuja, akalizunguka gari, akanusa mlango.

"Muke yangu amesema kweli, Papa. Leo hatuioshi."

Yule bwana akasema atatafuta lavaje nyingine ya kuoshea magari na hatarudi hapa tena, akaondoka kwa kasi mpaka mawe yakaruka. Byiringiro alimtazama hadi alipokata kona. Nikangoja aseme kitu, maana siku ilikuwa mbaya na lile lingekuwa gari la kututoa.

"Aende," akasema, akachukua bomba la maji, akamwashiria dereva wa nyuma asogee.

Nasiba